Spea za ndani za stesheni wagoni za zamani: kinachouzika Gitega na Muyinga

Dereva anayetoka Kabanga, wilayani Ngara nchini Tanzania, na kuingia Kobero upande wa Burundi hulazimika kuhama upande wa barabara. Tanzania huendesha kushoto, Burundi huendesha kulia. Gari lake halibadiliki. Usukani unabaki kulia, kwa kuwa sehemu kubwa ya magari madogo ya abiria na mizigo katika njia hii ni mitumba iliyotoka Japani, nchi inayoendesha kushoto. Jambo hilo dogo lina uzito wake katika biashara tunayoizungumzia leo, yaani spea za ndani za magari ya stesheni wagoni ya zamani: viti, kava, mazulia, paneli za milango, dari, vikinga jua na vishikio.

Wafanyabiashara wengi wa spea huanza na injini, breki na shoksi. Vitu vya ndani huonekana kama mapambo. Hata hivyo, kwa gari linalobeba abiria kati ya Muyinga, Karuzi na Gitega, kiti kilichochanika au mlango usiofunguka kwa ndani ni hasara ya kila siku. Abiria huchagua gari la jirani, na dereva hurudi kwa tajiri na hesabu pungufu. Makala hii inaeleza mahitaji hayo yanatokana na nini, mzigo unapita wapi, na kwa nini anayeleta vitambaa, sponji na klipu huwa na nafasi nzuri zaidi kuliko anayeleta seti kamili ya ndani.

MAGARI YENYEWE

Stesheni wagoni ni gari dogo ambalo paa lake huendelea hadi nyuma na kufunika sehemu ya mizigo, likiwa na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Afrika Mashariki imelijua gari la namna hii kwa muda mrefu. Nchini Kenya, Peugeot 504 ya mgongo mrefu, yenye safu tatu za viti, ilibeba abiria wa masafa marefu kwa miaka mingi, na magari ya 504 yaliunganishwa Mombasa hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Baadaye zilikuja Toyota Corolla za mgongo mrefu kutoka Japani. Zile za kizazi cha E100 zilitoka mwaka 1991, na toleo lake la mizigo liliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2002.

Mwaka huo wa 2002, mwezi Julai, Toyota ilitoa Probox kuchukua nafasi yake. Leo Probox inajulikana kote kuanzia Burundi hadi Kenya. Upande wa Tanzania, magari haya yanapobeba abiria huitwa michomoko. Toleo la kwanza lilikuwa na sura mbili: la mizigo, lenye namba kama NCP50V, NCP51V na NCP55V, na la familia, NCP58G na NCP59G. La familia lilikoma mwaka 2013. Mwaka 2014 gari lilibadilishwa sehemu ya mbele pamoja na dashibodi, na tangu hapo likabaki la mizigo tu. Magari ya toleo la kwanza, ambayo sasa yana zaidi ya miaka kumi hadi ishirini na zaidi, ndiyo yenye kiu ya spea za ndani.

KWA NINI NDANI HUCHAKAA KABLA YA INJINI

Probox ya mizigo ilibuniwa kwa ajili ya mtu wa mauzo wa Japani anayeendesha peke yake na bidhaa zake nyuma. Ndiyo maana ina meza ndogo ya kuvuta kwenye dashibodi kwa ajili ya makaratasi au kompyuta. Sheria ya Japani kwa magari ya mizigo inataka nafasi ya mzigo iwe kubwa kuliko nafasi ya abiria wa nyuma. Kwa sababu hiyo kiti cha nyuma cha toleo hilo ni chembamba, kimesimama wima na kina sponji kidogo. Kilikusudiwa kukunjwa zaidi ya kukaliwa.

Kiti hicho hicho, kikifika kwenye njia ya abiria, hukaliwa na watu watatu au wanne tangu alfajiri hadi usiku. Sponji hulala, chuma cha fremu huanza kumchoma abiria mgongoni, na kitambaa hupasuka kwenye mishono. Zulia la sakafu hula vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na likishikilia maji bati la chini huanza kuoza. Vishikio vya plastiki hukatika kwa kuvutwa na watu wasiolijua gari. Injini ya lita 1.3 au 1.5 inaweza kuendelea kufanya kazi muda mrefu baada ya vyote hivyo kuisha.

UPANDE WA KULIA HUISHA KWANZA

Hapa ndipo suala la upande wa barabara linapokuja. Nchini Tanzania, Kenya na Uganda abiria hupanda akitokea upande wa kushoto wa gari, kwenye ukingo wa barabara. Nchini Burundi ukingo wa barabara uko kulia. Kwa hiyo mlango wa nyuma wa kulia ndio unaofunguliwa na kufungwa mara nyingi zaidi, na pamoja nao huchakaa paneli ya mlango, kishikio cha ndani, kizingiti cha plastiki na ncha ya kulia ya kiti cha nyuma. Abiria wa mbele, ambaye kiti chake kiko kushoto, hushuka kuelekea katikati ya barabara, na kwa usalama wake madereva wengi hupendelea kujaza nyuma kwanza.

Mfanyabiashara anayenunua jozi sawa za kushoto na kulia ataona baada ya miezi michache kwamba za kulia zimekwisha na za kushoto zimejaa vumbi. Agizo la Muyinga haliwezi kuwa nakala ya agizo la Ngara, ingawa miji hiyo iko jirani. Jambo hilo lina faida kwa anayeuza mtumba pia: gari lililotumika Japani lilifunguliwa zaidi mlango wa kushoto, hivyo paneli yake ya nyuma kulia mara nyingi huwa bado nzima.

SPEA ZA NAKALA NA WASHINDANI WAKE

Spea ya nakala ni kitu kipya kilichotengenezwa na kiwanda kingine kwa kufuata umbo la kile cha asili. Sokoni inashindana na vitu viwili. Cha kwanza ni orijino iliyotumika, yaani mtumba uliokatwa kwenye gari jingine. Cha pili ni kazi ya fundi wa viti, ambaye hufumua kava ya zamani, huitumia kama kipimo, na kushona nyingine kwa reksini au kitambaa kipya.

Katika nchi za Ulaya na Marekani nakala za ndani hununuliwa na watu wanaofufua magari ya kale kwa mapenzi. Hata Nairobi kuna maonyesho ya kila mwaka ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, ambapo majaji huchungulia mishono ya viti na kutoa alama. Kwa mteja wa aina hiyo rangi na nyuzi zinapaswa kulingana na za kiwandani. Mteja wa Gitega hana jaji. Anauliza maswali matatu: itadumu miezi mingapi, itafutika kwa kitambaa chenye maji, na gari litalala gereji siku ngapi.

Kwa maswali hayo, fundi wa viti hushinda kwenye kava za viti. Nakala ya kiwandani hushinda kwenye vitu ambavyo fundi hawezi kuvitengeneza kwa cherehani: klipu, vishikio, vifuniko vya plastiki, mazulia yaliyofinyangwa kufuata umbo la sakafu na mati za raba. Mtumba hushinda kwenye vitu vikubwa vyenye umbo gumu, kama dashibodi, fremu za viti na paneli nzima za milango.

MZIGO UNATOKA WAPI

Nakala nyingi hutengenezwa China. Mtaa wa Yongfu mjini Guangzhou unajulikana na wafanyabiashara wa Kiafrika kwa vifaa vya ndani ya gari. Mitumba hutoka Japani moja kwa moja au hupitia Falme za Kiarabu, hasa Sharjah na Dubai. Vyote hivyo hufika bandari ya Dar es Salaam, na baadhi huuzwa jumla katika maduka ya Kariakoo na Gerezani. Kutoka hapo mzigo wa Burundi hufuata Ukanda wa Kati kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama hadi Ngara, kisha Kabanga na Kobero.

Muyinga ndio mji mkubwa wa kwanza baada ya mpaka. Tangu mageuzi ya mikoa yaliyoanza kutumika mwaka 2025 uko katika mkoa wa Buhumuza. Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwaka 2019, uko katikati ya nchi na hupata mzigo kutoka pande mbili: kutoka Kobero kupitia Muyinga na Karuzi, na kutoka Bujumbura, ambako mtaa wa Buyenzi umejaa magereji na wauza spea. Kwa hiyo duka la Muyinga hushindana na Ngara na Kahama, wakati duka la Gitega hushindana na Buyenzi. Ushindani wa Gitega ni mkali zaidi kwa aina za bidhaa. Wa Muyinga ni mkali zaidi kwa bei.

Njia ya Rwanda ilikuwa ikitumika pia na wafanyabiashara wa kaskazini, lakini Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa ardhini na nchi hiyo. Hatua hiyo iliongeza uzito wa Kobero.

VIFUNGU VYA FORODHA

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na hutumia ushuru wa pamoja wa nje wa Jumuiya. Ngazi za ushuru huo zilikuwa asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa za kati na 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida nchini Burundi ni asilimia 18. Mkusanyaji ni Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR.

Tatizo ni kwamba "spea za ndani" si kifungu kimoja. Paneli za milango, mikanda na sehemu nyingi za bodi ziko kifungu cha 87.08. Viti vya gari na sehemu zake viko 94.01, pamoja na fanicha. Mati za raba ziko 40.16. Mazulia ya nguo yako sura ya 57. Reksini, ambayo ni nguo iliyopakwa plastiki ya PVC, iko 59.03. Sponji ya poliurethani iko 39.21. Mfanyabiashara anayeandika "spea za gari" kwenye ankara yote anaweza kuwekewa ngazi ya juu kuliko inavyostahili, au kusimamishwa Kobero hadi mzigo ufunguliwe na kuhesabiwa. Gharama ya kulaza lori siku mbili inaweza kula faida ya mzigo mzima. Ankara itenganishe kila aina, kwa idadi na thamani yake.

Kwa mzigo mdogo kuna utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, unaohusu bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Kimarekani kwa shehena moja. Masharti yake ni kwamba bidhaa iwe imetengenezwa ndani ya Jumuiya na iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Sponji iliyotengenezwa Tanzania inaweza kuangukia hapo ikiwa imo kwenye orodha. Kava iliyotoka China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa sababu tu imenunuliwa Kariakoo.

FARANGA, MAFUTA NA MSIMU

Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha kwa kiasi kikubwa thamani rasmi ya faranga. Uhaba wa fedha za kigeni haukuisha, na pengo kati ya bei ya benki na bei ya mtaani liliendelea kupanuka. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kitu cha dola 40, ikiwa dola moja ni faranga 3,000, ni faranga 120,000. Mfanyabiashara akilazimika kutafuta dola kwa faranga 6,000, kitu hicho hicho ni faranga 240,000 kabla ya usafiri na ushuru. Nauli ya abiria haiwezi kupanda mara mbili kwa kasi hiyo, kwa hiyo mwenye gari huahirisha matengenezo au humwendea fundi.

Hapo ndipo malighafi hupata nguvu. Sehemu ya gharama ya kiti kilichoshonwa Gitega ni kazi ya mikono, na kazi hiyo hulipwa kwa faranga. Kitu kilichokamilika nje hulipiwa dola kuanzia sindano ya kwanza. Faranga ikishuka, kiti cha fundi hupanda bei polepole kuliko cha sanduku.

Uhaba wa mafuta ya petroli, ambao umeikumba Burundi mara kwa mara katika miaka ya karibuni, nao hubadilisha mahitaji. Gari lisilo na mafuta halipati fedha za kiti. Lakini pia ni gari lililosimama, na mwenye akiba hutumia siku hizo kulipeleka kwa fundi. Kwa upande wa msimu, kahawa huvunwa takribani kati ya Machi na Julai. Fedha za mavuno zinapoingia mikononi mwa watu, safari huongezeka na wenye magari hupata cha kutengenezea. Mzigo unaofika mwishoni mwa mavuno una nafasi nzuri kuliko unaofika kabla yake.

KIPI KIAGIZWE KWANZA

Kwa anayeanza na mtaji mdogo, mpangilio ufuatao una mantiki ya kiuchumi, kwa kuwa unaanza na vitu vyepesi, vinavyovunjika mara kwa mara na visivyochagua gari.

1. Klipu za paneli na za zulia. Maelfu yake huingia kwenye katoni moja. Fundi akifungua mlango huvunja mbili au tatu, na bila hizo paneli hugonga njia nzima.
2. Vishikio vya ndani vya milango na vya kuzungushia vioo, vya kulia zaidi kuliko vya kushoto.
3. Reksini kwa roli. Upana wa kawaida ni inchi 54, yaani sentimita 137. Gari la viti vitano hula mita nane au zaidi, hivyo roli la mita 30 hutosha magari matatu.
4. Sponji nzito. Kata kipande cha sentimita 10 kila upande na ukipime: gramu 30 maana yake ni kilo 30 kwa mita ya ujazo. Sponji nyepesi ya godoro la bei nafuu italala baada ya wiki chache.
5. Mati za raba na mazulia yaliyofinyangwa, kwa magari ya usukani wa kulia tu.

Viti kamili na dashibodi viachwe hadi mteja atoe agizo na malipo ya awali. Vinachukua nafasi kubwa kwenye lori, na kimoja kisipouzwa kinafunga mtaji wa klipu za mwaka mzima.

KUAGIZA BILA KUKOSEA

Kusema "Probox" hakutoshi. Soma kibati cha gari kilicho chini ya boneti: kina namba ya modeli, namba ya chesisi na alama ya rangi ya bodi na ya ndani, iliyoandikwa C/TR au COLOR TRIM. Kava ya kiti cha nyuma cha NCP51V haikai kwenye NCP58G, kwa kuwa kiti cha familia ni kinene na kina umbo jingine. Dashibodi ya mwaka 2014 na kuendelea haiingii kwenye gari la 2002 hadi 2014.

Namba za spea za Toyota zina tarakimu tano za mwanzo zinazotaja aina ya kitu. Paneli ya mlango wa mbele kulia ni 67610 na kushoto ni 67620. Ya nyuma kulia ni 67630 na kushoto ni 67640. Zulia la mbele ni 58510, dari ni 63310, na klipu nyingi huanza na 90467. Tarakimu tano zinazofuata hutaja modeli, na alama mbili za mwisho, zikiwepo, hutaja rangi. Mwenye duka wa Muyinga akiandika 67630 kwa muuzaji wa Guangzhou, hakuna haja ya kubishana juu ya maana ya "nyuma kulia" kwa lugha mbili.

VITU VISIVYOFAA KUNAKILIWA

Mkanda wa usalama, fremu ya kiti na boliti zake, pamoja na mfuniko wa mfuko wa hewa kwenye usukani, visinunuliwe kwa kuangalia sura. Mkanda wa nakala unaweza kufanana kabisa na wa asili na kukatika siku unapohitajika. Tafuta lebo inayotaja kiwango, kama kanuni namba 16 ya Umoja wa Mataifa, na usiuze mkanda uliotoka kwenye gari lililopata ajali. Mfuniko mpya wa usukani uliowekwa juu ya mfuko wa hewa uliokwishafumuka ni udanganyifu, na anayeulipia ni dereva.

Vitambaa na sponji navyo vina suala la moto. Kiwango cha Marekani namba 302, ambacho viwanda vingi hukitaja, kinataka kitambaa cha ndani ya gari kisiungue kwa kasi ya zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Muulize muuzaji cheti chake. Ukikosa, washa kipande kidogo nje, mbali na duka: kinachoshika moto mara moja na kudondosha matone ya moto hakifai kuwekwa chini ya abiria wanne.

KWA KIFUPI

Soko la Gitega na Muyinga ni dogo kwa anayetaka kuuza seti za ndani zilizofungwa kwenye masanduku, lakini ni pana kwa anayewauzia mafundi. Fundi mmoja wa viti mwenye kazi ya kudumu hununua reksini, sponji na klipu kila mwezi, wakati mwenye gari mmoja hununua kiti mara moja katika miaka kadhaa. Kabla ya kuagiza kontena, mfanyabiashara atembelee kwanza mafundi hao, ahesabu magari yaliyo mbele ya vibanda vyao, aandike namba za vibati, na atazame ni mlango upi umefungwa kwa waya. Nchini Burundi, mara nyingi utakuwa wa nyuma kulia.